Mjane wa Magamba: Sauti Yangu, Mdomo Wako

Dirisha liligongwa tena, safari hii kwa nguvu.

Wiki iliyopita tulimwacha Mwanaheri amesimama katikati ya chumba, kidole kwenye komeo, akijiuliza ni nani huyo anayethubutu kugonga dirisha la mwanamke aliye edani mchana kweupe. Sasa akalivuta komeo.

Alikuwa Tatu, wifi yake, mdogo wa mumewe. Anahema. Ametimka kutoka Lushoto mjini mpaka huku juu Magamba, viatu mkononi.

"Wifi, kaa chini."

"Sema nikiwa nimesimama."

"Abubakari wa studio kapata Mwanaheri mwingine."

"Mwingine vipi?"

"Faudhia. Yule wa saluni, anayesuka karibu na stendi. Kamvalisha kofia, kampa gitaa, na leo alasiri anapanda jukwaani ukumbini kuzindua albamu. Anaitwa kwa jina lako."

Mwanaheri alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kikavu.

"Faudhia hajui kuimba hata wimbo wa kumbembeleza mtoto!"

"Haimbi. Anatikisa mdomo. Sauti ni yako, inatoka kwenye spika."

"Na watu wasijue?"

"Watajuaje? Nani amewahi kukuona? Kwenye jalada si umegeuza mgongo, unatazama msitu?"

Mwanaheri akakumbuka. Geuka, dada, alisema Abubakari siku ya picha. Mgongo una huzuni kuliko uso. Naye akageuka, mjinga wa watu.

Na hapo, msomaji, ndipo alipokaa chini.

Kwa wewe uliyeazima gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, shika hapa tusichelewane.

Mwanaheri anaimba kantri. Ndiyo, kantri, ule muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani, wenye kofia pana na gitaa linalolia kama mlango usiotiwa mafuta. Huku milimani tunaupenda. Usituulize kwa nini. Labda ni kwa sababu na sisi tuna baridi, tuna kona nyingi barabarani, na tuna wanaume wanaoondoka na malori.

Alirekodi albamu nzima kwa Kiswahili, studio ya Abubakari, nyuma ya duka la mbegu. Kuta za studio zimebandikwa trei za mayai. Mvua ikipiga bati, wanasimama. Mvua ikikata, wanaanza upya. Lushoto unaijua mvua yake. Albamu ilichukua msimu mzima wa maharage.

Mumewe, Mbaraka, dereva wa lori la mboga, hakuipenda kazi hiyo. Asubuhi moja akasema, "Chagua. Mimi au hilo gitaa." Hakungoja jibu. Akaondoka, akazima simu.

Mwanaheri akatunga wimbo. Aliona haya kuimba kwamba ameachwa. Kuachwa kuna kuchekwa. Kufiwa kuna heshima. Basi akajifanya mjane:

*Mimi Mwanaheri wa Magamba, mume wangu kalala udongoni,*
*shuka limekunjamana upande wangu tu,*
*upande wako limenyooka kama la mgeni.*

Wimbo ukaitwa "Kitanda cha Upande Mmoja." Na redio yetu ya huku milimani ikaupiga kwa mara ya kwanza saa saba mchana, mara tu baada ya matangazo ya vifo. Mtangazaji hakusema neno. Alisoma marehemu wa Mlalo, akasoma marehemu wa Gare, akaacha gitaa lianze.

Milima yote haikusikia wimbo. Ilisikia tangazo.

Kabla jua halijazama uwanja wa mama mkwe ulikuwa umejaa wanawake, wamebeba sukari, unga na majani ya chai. "Pole, mwanangu." "Tumesikia redioni." Mwanaheri akapiga kelele: ni wimbo tu! Wakatazamana. Mwanamke gani mwenye akili anamwimbia mumewe yuko udongoni ilhali anakula? Wakampigia Mbaraka. Simu haipatikani. Wakampigia tajiri wa lori. Hajui alipo.

Sheikh wa kijiji akauliza, "Nani kaona maiti?"

Mama mkwe, Bi Mwamvita, akajibu, "Mkewe mwenyewe kasema. Mlimani kote kasikika."

Sheikh akashika ndevu, akaenda zake.

Ndipo Bi Mwamvita akamvua Mwanaheri vikuku, akamvika nguo nyeupe, akamnyang'anya simu na kumwingiza eda. Miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, haongei na mwanaume asiye wake. Na gitaa? Gitaa likafungiwa kabatini, chumbani kwa mama mkwe.

Hayo ndiyo yaliyotufikisha hapa. Twende.

"Nitatoka," Mwanaheri alisema dirishani.

"Kwa mlango upi? Mama kakaa barazani kama kufuli."

"Tatu, kwani wewe unaamini kaka yako amekufa?"

Tatu akafuta jasho kwa ukingo wa khanga. "Mimi simlilii mtu ambaye sijamwona. Na wewe?"

Mwanaheri aliegemea dirisha. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Wiki ya kwanza alicheka. Wiki ya pili alikasirika. Sasa kila akilala upande wake wa kitanda, akitazama ule mwingine ulivyonyooka, alihisi kwamba huenda mdomo wake ndio uliomuua. Wimbo ulikuwa umeanza kumwimba yeye.

"Sijui tena," alisema.

Sauti ikasikika nje. "Hodi hapa! Hodi wenye msiba!"

Tatu akainama chini ya dirisha kama kuku aliyeona mwewe.

Aliyepiga hodi ni Bi Shamsa. Kila kijiji kina Bi Shamsa wake. Ndiye anayeongoza wanawake kwenye maulidi, ndiye anayejua nani hajafunga Ramadhani, na ndiye asiyejua kunong'ona. Mwanaheri alifungua kidogo mlango wa chumba.

"Shikamoo, Bi Shamsa."

"Marahaba, mwanangu. Usitoke, kaa huko huko. Mh! Umekonda. Mimi wimbo wako umeniunguzia maharage."

"Umekuunguzia vipi?"

"Nimeacha chungu jikoni, nimekaa nalia. Mume wangu anauliza kuna nini, namwambia kuna upande mmoja. Hajanielewa mpaka leo." Akamgeukia Bi Mwamvita. "Hapa kila simu inauimba. Mlalo sokoni wauza viazi hawataji bei mpaka uishe. Hata kule misheni wanauliza kama huyu binti ana wimbo wa Krismasi."

"Laana hiyo," alisema Bi Mwamvita.

"Laana tamu. Sasa, Mwamvita, khitma lini?"

Bi Mwamvita akatazama bondeni.

"Nasema khitma ya mwanao lini? Wanawake wananiuliza. Mjane kaingia eda, sukari tumeleta, lakini marehemu hajasomewa hata Yasini moja."

"Bado."

"Bado nini? Mchele upo."

"Nimesema bado, Shamsa! Hili jambo langu."

Bi Shamsa akajikusanya na khanga zake. "Haya, mama. Sikujua kuna msiba wa kusubirishwa." Akaenda zake akisema peke yake mpaka kwenye kona ya njia.

Mwanaheri alibaki mlangoni. Mkono wake ulikuwa kwenye mwimo.

Bi Mwamvita! Mwanamke asiyekosa sala moja. Mwanamke aliyemsomea khitma mpaka jirani aliyemwibia mbuzi. Huyu ndiye anamnyima mwanawe wa pekee wa kiume Yasini?

Mama anayeamini mwanawe amekufa hawezi kumnyima dua.

Ila mama anayejua mwanawe yu hai, huyo hathubutu. Kumsomea aliye hai ni kumwita mauti aje amchukue.

"Mama," Mwanaheri aliita. "Kwa nini humsomei Mbaraka?"

"Nenda ndani."

"Nasema kwa nini humsomei?"

"Nimsomee vipi mtu anayekula ugali Korogwe!"

Neno lilishatoka. Bi Mwamvita akaweka kiganja mdomoni, kana kwamba lingeweza kurudi.

Chini ya dirisha, Tatu alisahau kujificha. "Kaka yuko Korogwe?"

"Na wewe unatafuta nini hapo? Ingia ndani, mwizi wa maneno!"

Wote watatu wakajikuta sebuleni. Mwanaheri hakupiga kelele. Sauti yake ilishuka, na waliomjua walijua kwamba hapo ndipo pa kuogopa.

"Amekupigia lini?"

"Siku ya pili baada ya wimbo."

"Siku ya pili! Nimevaa sanda hii wiki zote hizi na wewe unajua mume wangu anapumua?"

"Si sanda. Ni nguo ya eda. Na eda unayo."

"Eda ya nani? Ya mtu anayekula ugali?"

Bi Mwamvita aliketi kwenye mkeka. Aliketi polepole, magoti yakimuuma, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Eda ya talaka," alisema.

Tatu alisema "Yallah!"

"Alisikia wimbo kwenye redio ya mgahawa. Watu anaokula nao wakamgeukia, wakamuuliza, wewe si Mbaraka wa Magamba? Wewe si umekufa? Wakamcheka mpaka akaacha chakula. Akanipigia. Akasema, mwambie amenizika nikiwa hai, basi na mimi nimemwacha. Talaka moja. Nimwambie."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia ungefunga nguo zako. Ungerudi kwenu Mlalo, na yeye angepata sababu. Nikasema akae humu. Akae eda hata kama hajui ni eda gani. Mwanangu hasira zake ni za jiko la mabua, zinawaka na kuzimika. Akipoa, anamrejea mkewe, mambo yanakwisha, wala mkewe hajui kama aliachwa." Akainua macho. "Nilikufungia nikuweke, Mwanaheri. Nani atanichemshia maji asubuhi? Huyu?"

"Mama!" Tatu alilalamika.

"Huyu anaunguza hata maji."

Msomaji, ungefanya nini? Umefungwa na mtu anayekupenda. Ukuta wa adui unaweza kuubomoa kwa hasira. Ukuta wa mama mkwe anayetaka umchemshie maji unaubomoa kwa nini?

"Nipe gitaa langu," alisema Mwanaheri.

"Ukitoka leo na gitaa, hana haja tena ya kukurejea."

"Na nisipotoka, kuna mwanamke anakuwa mimi. Leo anachukua jina langu, kesho anaitwa Tanga, keshokutwa Dar es Salaam, na mimi nikisema ile sauti ni yangu wataniita kichaa. Mama, mume anaweza kurudi. Hii haitarudi. Nipe gitaa."

Bi Mwamvita hakusogea. Funguo za kabati zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la khanga yake, na mkono wake ulikuwa juu ya pindo.

Tatu aliona afanye lake. Akawasha redio ya mama iliyokuwa juu ya kabati la vyombo.

Ukumbi ukaingia sebuleni. Vifijo, mluzi, miguu ikigonga sakafu. Mtangazaji anapayuka: "Mliopo Lushoto, mliopo Gare, mliopo mashambani na redio zenu! Alasiri hii, moja kwa moja kutoka ukumbini, kwa mara ya kwanza mbele ya macho ya watu, Mjane wa Magambaaa!"

Gitaa likaanza.

Mwanaheri aliijua kila pumzi. Aliijua ile sehemu ya kati ambapo mvua ilianza na Abubakari akasema endelea, inapendeza. Aliijua kwikwi iliyo kwenye neno *shuka*, kwa sababu siku ile alilia kweli. Ilikuwa sauti yake, inatoka kwenye mdomo uliopakwa rangi wa msusi wa stendi, na watu mia kadhaa walikuwa wanaililia.

"Anajikausha machozi kwa leso!" mtangazaji alinong'ona kwenye kipaza sauti. "Maskini, mjane wetu!"

Mwanaheri alipiga magoti mbele ya mama mkwe. Hakuomba. Alishika pindo la khanga, akaanza kufungua fundo. Bi Mwamvita aliushika mkono wake. Wakabaki hivyo, mikono minne juu ya fundo moja, huku wimbo ukiendelea.

Ghafla gitaa la redioni likakatika.

Kishindo. Mtu kaangusha kiti. Mwanamke kapiga ukelele. Kisha sauti ya mwanaume, karibu mno na kipaza sauti, nzito, ya mtu aliyepanda mlima na hasira zake:

"Zimeni muziki. Mimi ndiye marehemu."

Ukumbi ulilipuka. Wengine walicheka, wengine walisoma dua, na kwa kelele za milango ilikuwa wazi kwamba wengine walikuwa wanakimbia.

"Kaka!" Tatu alishika kichwa.

"Na huyu si mke wangu," sauti iliendelea. "Huyu sijui ni nani. Vua hiyo kofia, dada, usiniaibishe."

Sauti ya Abubakari ikasikika kwa mbali: "Mghoshi, bwana mkubwa, subiri, tuzungumze nje..."

"Hatuzungumzi nje! Nimezikwa hadharani, nafufuka hadharani. Sikilizeni nyote. Nilimwacha mke wangu talaka moja. Leo, mbele yenu mashahidi, nimemrejea. Mwanaheri ni mke wangu."

Bi Mwamvita aliruka kutoka mkekani kama msichana. Akafungua mlango wa mbele wazi, akasimama barazani, akapiga vigelegele vilivyovuka bonde. Magoti hayakumuuma tena. Fundo lilikuwa limefunguka. Funguo zilibaki mkononi mwa Mwanaheri.

Naye? Alikuwa anatabasamu, nisikufiche. Mume yu hai. Hajamuua kwa mdomo. Kamrejea mbele ya watu. Alisimama, akaenda kabatini, akalitoa gitaa, akaanza kulifuta vumbi kwa nguo nyeupe ya eda.

"Na kwa kuwa ni mke wangu," redio ilisema, "nasema hivi. Wimbo huu usipigwe tena. Hizo nyimbo nyingine nazo zisipigwe. Mke wangu haimbi. Imekwisha."

Vigelegele barazani vilikuwa bado vinaendelea. Tabasamu la Mwanaheri lilikuwa limekwisha.

Ametoka eda ya kufa. Ametoka eda ya talaka. Na hajatoka popote.

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Lakini Lushoto ni mbali kwa miguu, na ukumbini Abubakari alishaanza kuwaambia watu watulie, kwamba uamuzi wa mume ni wa kuheshimiwa.

"Tatu. Nipigie namba ya redio."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, wifi."

Tatu alibonyeza simu yake, akafungua spika, akaiweka mkekani. Simu ikaita. Mtu akapokea. Mwanaheri akaisogelea.

"Halo. Naomba mniunganishe ukumbini. Mimi ndiye mwenye sauti."

Mtu wa redio alinyanyuka kitini. Alikuwa ameisikia sauti hiyo kila siku. Hakuhitaji kuuliza jina. Mlio mmoja, na ukumbi ukasikika ndani ya simu. Redio juu ya kabati ikaanza kumrudishia maneno yake, yakichelewa. Tatu akaizima.

"Uko hewani, dada," alisema mtangazaji, na sauti yake haikuwa tena ya kupayuka.

"Mume wangu. Asalaam aleikum."

Watu wote ukumbini walinyamaza. Huko mashambani, msomaji, na majembe yalinyamaza.

"Waaleikum salaam," alijibu Mbaraka. "Hujambo, Mwanaheri."

"Sijambo. Nimefurahi u hai. Nilikulilia kweli, hilo ulijue. Umesema yako, sasa na mimi niseme yangu. Watu hao wamekuja kunisikiliza mimi. Waambie wakae. Kuna wimbo wangu mmoja hawajausikia bado."

Vifijo. Mbaraka akangoja viishe.

"Gitaa unalo mkononi?"

"Ninalo."

"Basi nisikilize vizuri. Talaka moja imepita. Zimebaki mbili. Nikisikia uzi mmoja tu wa hilo gitaa, umezichukua zote mbili leo hii. Hapo hakuna kurejeana tena. Na hawa wote ni mashahidi wangu."

Tatu akaziba mdomo kwa khanga.

Barazani vigelegele vilikatika. Bi Mwamvita alirudi ndani, akasimama juu ya simu, akaitazama kama mtu anayetazama kitu kilichotoka tumboni mwake na asikitambue.

"Mbaraka," alisema, polepole. "Unachezea talaka redioni?"

"Mama, usiingilie. Namngoja yeye."

Kidole gumba cha Mwanaheri kilikuwa juu ya uzi wa kwanza, ule mnene. Hakijaugusa. Upande mmoja kulikuwa na nyumba, mume, na huyu mama wa kuchemshiwa maji. Upande wa pili kulikuwa na kila neno alilowahi kutunga. Alifumba macho.

Uzi ukalia. Mzito, mrefu, ukaingia kwenye simu, ukatoka kwenye spika za ukumbi, ukatoka kwenye kila redio kuanzia Magamba hadi Mlalo.

Mwanaheri akafumbua macho kwa mshtuko. Kidole chake kilikuwa bado hewani.

Kilichokuwa juu ya uzi, chenye kucha ya hina na mikunjo ya miaka yote, kilikuwa cha mama mkwe.